Paa la bati: namna ya kukagua Cadillac Eldorado Brougham iliyolala stoo

Simu iliingia saa nne usiku. Alikuwa kijana wa Tanga ambaye kazi yake hapa Ohio ni kuhamisha mizigo na kusafisha nyumba za watu waliofariki. "Kaka, samahani kwa kukusumbua usiku. Nimekuta Kadilaki ya kizamani kwenye banda la marehemu mmoja, ila wameshaiharibu. Wameipiga paa la bati." Nikamuuliza bati la namna gani. "Halina rangi kabisa. Linang'aa hivihivi kama sufuria." Nikamwambia asiguse kitu, afunge mlango wa banda, aninywee chai mpaka asubuhi nifike.

Hilo bati lake ndilo lililoninyima usingizi. Mwaka 1957 na 1958 Cadillac walitengeneza gari linaloitwa Eldorado Brougham, na paa lake lilitoka kiwandani likiwa chuma kisichoshika kutu, kimesuguliwa tu, bila tone la rangi. Yalitoka 400 mwaka wa kwanza na 304 mwaka wa pili, basi. Magari 704. Bei ya mwaka 1957 ilikuwa dola 13,074, wakati Cadillac ya kawaida ilikuwa haifiki nusu ya hapo.

Kazi hii ya kusafisha nyumba na kununua stoo za mnadani inafanywa na wengi wetu huku Marekani, kwa hiyo naandika mwongozo huu kwa anayeweza kufungua mlango kesho akakutana na gari kama hilo. Kuna jambo moja nataka ulishike. Sisi tuliozoea gereji za nyumbani, mkono wetu unakimbilia boneti. Tunataka kusikia injini ikiunguruma ndipo tuseme gari lina thamani au halina. Kwa gari hili, ukianza hivyo umekosea pa kuanzia. Injini ndiyo sehemu rahisi kuliko zote, maana ni V8 ileile ya lita 6 iliyofungwa kwenye maelfu ya Cadillac nyingine, na vipuri vyake vipo. Kinachoua mtu ni vitu vidogo vilivyotengenezwa kwa magari 704 tu, ambavyo vikipotea hakuna duka la kwenda. Ndiyo maana ukaguzi huu ni kazi ya kuhesabu zaidi kuliko kazi ya spana.

Kwanza: usiwashe, usioshe, usitupe

Piga picha kabla hujasogeza hata boksi lililowekwa juu ya boneti. Piga kuzunguka gari lote, kisha piga sakafu chini yake, rafu zilizo pembeni na kila kopo. Vumbi lilivyokaa linasema mengi. Mahali ambapo vumbi limekatika, kuna mtu kapita karibuni na pengine katoka na kitu. Michirizi ya maji ukutani itakuonyesha kama banda liliwahi kuingia mafuriko na yalifika kimo gani. Piga picha ya mchirizi huo pamoja na mlango wa gari ili uone kama maji yalivuka sakafu ya ndani.

Vaa barakoa na glavu. Panya wa Marekani si wa kuchezea, mavi yake makavu yakipeperuka yanaweza kukuletea ugonjwa wa hantavirusi, na huo unaua. Lowesha kwanza kwa maji yenye dawa ya kuulia vijidudu, subiri kidogo, ndipo ufute kwa kitambaa. Usifagie.

Usitupe chochote. Hapa nina deni langu mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma nilimsaidia mtu kusafisha banda lililokuwa na gari la aina hii. Kwenye siti ya nyuma nikaona kidude cha rangi ya dhahabu, ndani kina poda iliyoganda na kioo kilichofifia. Nikasema vipodozi vya bibi hivi, nikakirusha kwenye pipa la takataka. Kumbe kilikuwa kifaa cha gari. Kilikuja nalo kutoka kiwandani. Mwenye gari alikitafuta kwa muda mrefu sana, na mimi sikuwa na ujasiri wa kumwambia mpaka mwaka wa pili yake.

Pili: hakikisha ni lenyewe

Jina Brougham limechosha watu. Cadillac walilitumia kwa miongo kadhaa kwenye magari mengine, na kila mwezi kuna mtu ananitumia picha ya Fleetwood Brougham ya miaka ya 1970 akiniambia amepata almasi. Hilo ni gari zuri la kwenda harusini, lakini yalitengenezwa kwa wingi.

Hili letu linatambulika hata ukiwa mlangoni. Paa ni lile la chuma kitupu. Taa za mbele ni nne, mbili kila upande, wakati Cadillac nyingine za 1957 zilikuwa na mbili tu. Milango ni minne, ila ya nyuma bawaba zake ziko nyuma, kwa hiyo ukifungua ya mbele na ya nyuma inatazamana kama milango ya kabati. Katikati hakuna nguzo inayopanda hadi kwenye paa. Kuna kigingi kifupi tu pale chini ambacho milango yote miwili inajifungia.

Tofauti ya 1957 na 1958 ianze kwenye injini. Ya 1957 ina kabureta mbili na ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 325. Ya 1958 ina kabureta tatu zilizopangwa mstari, farasi 335. Halafu tazama milango kwa ndani, sehemu ya juu chini ya kioo. Ya 1957 ni chuma, ya 1958 imevikwa ngozi. Ukikuta mchanganyiko, mfano mlango mmoja una chuma na mwingine una ngozi, ujue gari limewahi kugongwa au limeunganishwa kutoka magari mawili.

Kuna pia Eldorado Brougham za 1959 na 1960, ambazo bodi zake zilijengwa Turin, Italia, kwa Pininfarina. Zilitoka 99 na 101. Hizo ni adimu zaidi kwa idadi, lakini hazina paa la chuma kitupu na zina matatizo yake mengine. Sitazigusa hapa.

Sasa namba. Usitegemee herufi na tarakimu 17 za magari ya leo, utaratibu huo ulianza mwaka 1981. Ya 1957 inaanza na 5770, ambapo 57 ni mwaka na 70 ni aina ya gari. Ya 1958 inaanza na 58P. Namba hiyo utaikuta kwenye kibati cha nguzo ya mlango wa dereva, na pia imegongwa kwenye injini na kwenye chesi. Futa grisi kwa kitambaa na mafuta ya taa, usitumie brashi ya waya, kisha piga picha zote tatu. Zikilingana umeongeza thamani ya gari kwa nusu saa ya kazi. Kwenye ukuta wa injini, chini ya boneti, kuna kibati kingine cha bodi chenye namba ya bodi, rangi na kitambaa. Mnunuzi alichagua mwenyewe kutoka kwenye michanganyiko zaidi ya 40 ya rangi na kitambaa, na kibati hicho ndicho kinachosema yule wa kwanza alichagua nini.

Tatu: karatasi kabla ya hela

Hapa wengi wetu tunaumia. Kununua vitu vya stoo kwenye mnada hakukupi moja kwa moja umiliki wa gari lililomo ndani. Magari yana utaratibu wake, na kila jimbo lina sheria yake. Uliza hati ya umiliki iko wapi, jina lililoandikwa ni la nani, na kama huyo mtu amefariki, nani amepewa mamlaka na mahakama ya kusimamia mirathi. Mtoto wa marehemu kukuambia "chukua tu" si karatasi. Nenda na namba ya gari ofisi ya usajili ya jimbo, au mwombe polisi aikague, kabla hujalipa.

Tafuta pia karatasi za zamani kwenye kisanduku cha dashibodi, chini ya siti, na kwenye droo za ndani ya nyumba. Risiti ya oili ya mwaka 1966 yenye idadi ya maili ina maana kuliko maneno ya mtu. Rekodi za kiwandani za Cadillac za miaka hiyo pia zimehifadhiwa, na wanachama wa klabu ya Cadillac & LaSalle, iliyoanzishwa mwaka 1958, watakuelekeza namna ya kuomba nakala ya gari lako. Nakala hiyo inataja gari lilivyotoka, na lilipelekwa kwa wakala gani.

Nne: hesabu vilivyopo

Chukua daftari na kalamu, kaa kwenye kigoda, washa taa ya kichwani. Hatua hii inakula nusu siku na usiiharakishe.

Anza na kisanduku cha dashibodi. Mfuniko wake ulikuwa na vikombe vidogo vya chuma, sita, vyenye sumaku chini ili visidondoke mtu akimimina kinywaji. Vihesabu. Palikuwa na kifaa cha kutolea sigara na karatasi laini, rangi ya mdomo, kisanduku cha poda (kile nilichotupa), kitana na kioo. Siti ya nyuma, kwenye egemeo la mkono la katikati, kulikuwa na daftari dogo la ngozi na kichupa cha kupulizia chenye manukato ya Arpège ya Lanvin. Ndiyo, gari lilikuja na manukato. Kichupa kikiwepo, hata kikiwa kimekauka, usikifungue wala kukisugua. Kizungushie kitambaa laini, kitie kwenye boksi, liandike.

Ukimaliza vidude, nenda kwenye vipande vya mapambo ya nje. Hapa orodha iwe na pande: kushoto mbele, kulia nyuma, na kadhalika. Kila utepe wa kromu, kila nembo, kila kioo cha taa. Kwa kila kimoja andika kimojawapo cha maneno matatu: kipo, kimepinda, hakipo. Kilichopinda kinanyooshwa. Kilichoota vidonda vidogo vya kutu kinaweza kupelekwa kwa wachovya kromu, ingawa bei yao itakutoa machozi. Kisichopo ndicho cha kuzungushia duara jekundu.

Ringi za gari hili ni zake peke yake, za alumini iliyofuliwa, na kila moja ina kazi nyingi ya mkono. Usisahau ya tairi la akiba kwenye buti. Mara nyingi nne zipo na ya tano imeuzwa zamani.

Mazulia yalikuwa ya manyoya ya kondoo. Nondo wanayapenda sana, na panya hulalia humo. Nyanyua pembe moja tu utazame kama yanang'oka kwa vidole. Hata yakiwa yameoza usiyatupe, kwa sababu fundi wa viti atayatumia kama kipimo cha kukatia mapya. Vivyo hivyo kwa vitambaa vya siti: kipande safi kilichofichwa chini ya mshono ndicho kitakachoonyesha rangi halisi, kabla jua na vumbi havijaipindua.

Tano: paa, bodi na chesi

Rudi kwenye bati letu. Paa hili haliwezi kuzibwa puti, ule ujiuji wa kujazia mabonde ya bodi, likapakwa rangi kama paa lingine. Kila kibonyeo kinabaki kinaonekana, na kukiondoa ni kazi ya fundi wa chuma mwenye mkono mwepesi, kisha nyuzi za msuguo zirudishwe zielekee upande uleule kutoka mbele hadi nyuma. Kwa hiyo kiti kilichowekwa juu ya paa kwa miaka 20 si jambo dogo. Pitisha kiganja taratibu, halafu lala ubavu uangalie mwanga wa tochi unavyotambaa juu yake. Mwanga ukivunjika, hapo pana kibonyeo. Kama mtu alilipaka rangi au kulivika plastiki, usimcheke bado. Kona moja ikibanduka unaweza kuona kama chuma cha chini kimepona.

Bodi nyingine ni chuma cha kawaida, na Ohio hunyunyizia chumvi barabarani kila majira ya baridi. Chukua sumaku ndogo, ivalishe kitambaa chembamba, ipitishe chini ya milango, kwenye fenda nyuma ya magurudumu na sakafu ya buti. Inapokataa kushika, kuna puti nene na pengine hakuna chuma kabisa. Fungua mlango wa nyuma, unyanyue kwa kuushika mwishoni. Ukicheza, bawaba zimechoka. Halafu funga milango yote na utazame nafasi kati ya wa mbele na wa nyuma: ikiwa pana juu na nyembamba chini, au kinyume chake, bodi imeanza kulegea. Gari lisilo na nguzo ya katikati linategemea sakafu na vizingiti vyake kusimama wima.

Kuna mtego wa jeki hapa. Chesi ya Cadillac hizi imejengwa kwa umbo la X, haina boriti zinazokimbia pembeni chini ya milango. Ukiweka jeki kwenye kizingiti utatoboa bodi, na ikiwa ndani kumeoza utasikia mlio kama wa biskuti. Nyanyulia kwenye mikono ya saspensheni mbele na kwenye eksoli nyuma. Ukifika katikati ya X pagonge kwa nyuma ya bisibisi. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanung'unika.

Sita: springi za hewa

Eldorado Brougham haikuja na springi za chuma. Kila gurudumu lilikaliwa na chungu cha hewa chenye mpira ndani, kompresa ya umeme ikijaza tanki, na vali za kusawazisha zikiongeza au kupunguza hewa kadiri watu wanavyopanda na kushuka. Likifanya kazi, wanasema, hujui kama barabara ina mashimo. Tatizo ni kwamba lilivuja tangu likiwa jipya. Mwenye gari analala, asubuhi analikuta limekaa kwa tumbo kama kuku anayeatamia. Wenye magari walichoka, na mengi yakabadilishwa yakafungwa springi za chuma.

Kwa hiyo piga tochi nyuma ya kila gurudumu. Ukiona springi ya kuzunguka, limebadilishwa. Hilo si dhambi, gari litatembea bila shida, lakini uliza mara mbili vile vyungu vilikwenda wapi. Wazee wa Marekani hawatupi vitu. Mara nyingi viko kwenye boksi juu ya rafu, vimefungwa kwenye gazeti la siku vilipotolewa. Ukikuta mfumo wa hewa upo wote, andika kila sehemu: vyungu vinne, vali, mabomba, tanki, kompresa. Mpira utakuwa umekufa, huo si wa kuhesabu. Vyungu na vali ndivyo unavyotafuta.

Na tafadhali, usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na hewa. Hata likionekana limesimama vizuri. Weka stendi za chuma kwanza.

Mwaka mmoja nilimwona fundi mwenzangu akifurahi kwamba gari limebadilishwa springi, akisema "afadhali, tumeepuka balaa". Mnunuzi alipokuja alikuwa na mawazo tofauti kabisa. Alishusha bei papo hapo, akasema atakayelitaka kwa maonyesho analitaka na hewa yake. Wote wawili walikuwa sahihi, inategemea nani anakwenda kulimiliki. Wewe kazi yako ni kuandika kilichopo.

Saba: injini, mafuta, umeme, breki

Nitapita haraka, kwa sababu fundi yeyote wa V8 za zamani anajua.

Ondoa betri iliyomo. Chomoa plagi zote nane, zipange kwa mpangilio wake. Mimina vijiko viwili vya oili nyepesi kila silinda, acha siku mbili tatu. Kisha zungusha kranki kwa mkono, soketi kwenye boliti ya puli, polepole, mizunguko miwili kamili. Ikigoma usilazimishe kwa bomba refu. Ongeza oili, subiri wiki. Injini iliyoganda ni habari mbaya lakini si msiba, nimeshasema vipuri vipo.

Chomoa kijiti cha oili. Rangi ya maziwa maana yake maji. Nusa mdomo wa tanki: petroli ya zamani inanuka kama vanishi ya fundi seremala, na hiyo haifai kufika kwenye kabureta kamwe. Mafuta ya gia yakiwa mekundu ni vizuri, ya kahawia yenye harufu ya kuungua, gia boksi iingie kwenye hesabu.

Umeme wa gari hili ni mwingi kuliko umri wake. Siti ya mbele inakumbuka mkao wa dereva, buti linajifungua na kujifunga kwa mota, vioo vyote vya umeme, kufuli za umeme, jicho la kupunguza taa likiona gari linakuja. Usiunganishe betri kubwa ukabonyeza swichi moja baada ya nyingine kwa shangwe. Panya akiwa amekula waya mahali usipopaona, umewasha banda. Tumia betri ndogo yenye fyuzi, kizima moto kikiwa miguuni, jaribu saketi moja moja, na andika. Kisichofanya kazi leo kinaweza kuwa kutu ya swichi tu.

Breki ni za ngoma pande zote, na masta silinda ni ya saketi moja, maana yake bomba moja likipasuka umepoteza breki za magurudumu yote. Hata pedali ikiwa ngumu usiendeshe. Vumbi la ngoma usilipulize kwa upepo, bitana za enzi hizo zilikuwa na asbesto, madini ambayo vumbi lake linadhuru mapafu.

Nane: bei

Hapa ndipo muuzaji anatoa simu na kukuonyesha Brougham iliyouzwa mnadani kwa dola laki moja na kitu. Ni kweli zimeuzwa hivyo. Lakini hiyo ilikuwa imemalizika, inang'aa, ina vikombe vyake sita. Ya bandani inahesabiwa kwa kutoa.

Tuseme iliyokamilika vizuri inakwenda 120,000. Ukakadiria kromu 30,000, bodi na rangi 35,000, viti na mazulia 20,000, injini na breki 15,000, mfumo wa hewa 10,000. Jumla 110,000. Umebaki na dola 10,000, na hujalipa usafiri wala hujanunua kidude kimoja kilichopotea. Tarakimu hizi ni za mfano tu, weka zako kutoka kwa mafundi wa eneo lako, lakini umbo la hesabu ndilo hilo. Sasa fikiria gari hilohilo likiwa na rangi iliyofifia ila ya kiwandani, viti vyake vya asili vinakalika, kromu haina vidonda. Hutoi 85,000 za kromu, rangi na viti. Ndiyo maana gari lililofubaa lakini halijaguswa linaweza kushinda lililopakwa rangi mpya na mtu mwenye haraka.

Wapo watakaokuuliza kama unaweza kulipakia kwenye kontena hadi Mombasa. Kwa utaratibu wa kawaida Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, wala lenye usukani wa kushoto. Soko lake liko hukuhuku.

Jambo la mwisho kuhusu bei. Kama unayeongea naye ni mjane asiyejua alicho nacho, mwambie. Mimi sina kanuni ngumu kuhusu faida ya biashara, lakini watu wa kazi hii wanapeana majina, na huku sisi ni wachache, ukidhulumu mmoja mnadhulumiwa wote kwa kutoaminika.

Tisa: kulitoa bandani

Lete lori la kulaza kitanda chake chini kabisa, lenye winchi, na mwambie dereva mapema kwamba gari limekaa kwa tumbo. Pampu tairi hata kama zimepasuka pembeni, mradi zishike hewa ya saa moja. Gia iwe huru. Gurudumu likiwa limekwama kwa kutu ya ngoma, fungua ngoma hapohapo au tumia vigari vya kuteleza chini ya tairi, usiliburuze. Winchi ifungwe kwenye chesi au eksoli, kamwe si kwenye bampa. Na kabla mlango wa banda haujafungwa, rudi ndani na tochi, pitia rafu zote mara ya pili.

Kijana wa Tanga nilimkuta asubuhi ile amekaa nje kwenye ndoo, chai imeshaisha, banda amelifunga kwa kufuli lake mwenyewe. Tulimweleza mjane gari ni nini, tukamwonyesha namba, akakaa kimya kidogo kisha akatukaribisha jikoni. Tulikuwa tumehesabu vikombe vinne kwenye dashibodi. Cha tano kilikuwa juu ya meza yake ya jikoni, amewekea penseli. Cha sita anadhani alichukua mjukuu, na kijana ameshapewa namba ya mjukuu.